Nyumba Ndiyo Zimwi

"Yaya, zimwi iko wapi?"

Aliyeuliza ni kijana wa miaka kumi na tano, amekaa kwenye mkeka mbele kabisa. Filamu ilikuwa imekwenda karibu nusu saa na hakuna mtu aliyekufa. Tulikuwa tumetundika shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, betri ya sola, na mimi nasimulia kwa Kiswahili juu ya Kiingereza kama wanavyofanya wale wa vibanda umiza, ila mimi sina sauti yao. Filamu yenyewe ni House of Usher ya mwaka 1960. Vijana niliwaahidi filamu ya kutisha. Mpaka hapo walikuwa wameona mgeni mmoja aliyekuja na farasi, mtumishi mzee, dada mmoja aliyepauka, na bwana mwenye nywele nyeupe anayelalamika kwamba sauti za watu zinamuumiza masikio.

Sikuwa na jibu zuri usiku ule, nikamwambia subiri. Baadaye nilivyosoma historia ya filamu hii nikakuta kwamba swali hilohilo liliulizwa kabla hata kamera haijawashwa, na aliyeuliza ni mwenye pesa.

Mwenye pesa aliitwa Samuel Z. Arkoff. Yeye na mwenzake James H. Nicholson walikuwa na kampuni iliyoanza katikati ya miaka ya 1950 huko Marekani, ikaja kujulikana kama American International Pictures. Biashara yao ilikuwa rahisi kueleza. Walitengeneza filamu za bei ya chini kwa ajili ya vijana, nyeusi na nyeupe, mbili mbili, ili mtu akilipa kiingilio kimoja aone zote mbili. Filamu moja ilipigwa kwa siku kama kumi na kwa pesa isiyofika dola 100,000. Siku hizo televisheni ilikuwa imeshaingia majumbani, wazazi wanabaki nyumbani kutazama, lakini vijana bado wanataka mahali pa kwenda jioni. Arkoff na Nicholson walielewa hilo mapema kuliko kampuni kubwa. Na kijana, kwa mahesabu yao, hutaka kuona dude. Kaa mkubwa, mtu kutoka sayari nyingine, chochote chenye meno.

Mwongozaji wao mmoja alikuwa Roger Corman, mzaliwa wa Detroit, 1926. Huyu alisomea uhandisi wa viwanda katika Chuo Kikuu cha Stanford, na mimi naona uhandisi ule haukupotea bure, maana alikuwa anapanga upigaji wa filamu kama mtu anayepanga mashine za kiwandani. Mwaka 1959 alipiga A Bucket of Blood kwa siku tano. Iliyofuata, The Little Shop of Horrors, sehemu za ndani ya studio alizimaliza kwa siku mbili, kwa sababu seti ilikuwa bado imesimama na ingebomolewa. Seti, kwa asiyejua, ni vile vyumba vya mbao vinavyojengwa kwa ajili ya kuigizia. Ukivipiga picha vizuri ni kasri, ukienda nyuma yake ni vijiti na misumari.

Sasa Corman alichoka na zile filamu mbili mbili. Akawaambia wakubwa wake kwamba badala ya kutengeneza mbili za siku kumi, za nyeusi na nyeupe, tuziunganishe pesa tutengeneze moja, ya rangi, kwa siku kumi na tano. Wakati huo kampuni ya Hammer ya Uingereza ilikuwa imeshaonyesha kwamba filamu ya kutisha yenye rangi, yenye majumba ya zamani na mishumaa, inalipa. The Curse of Frankenstein ilitoka 1957, Dracula yao 1958, na watu walijaa. Corman yeye hadithi alikuwa nayo tayari tangu alipoisoma akiwa mwanafunzi: "The Fall of the House of Usher", hadithi fupi ya Edgar Allan Poe.

Na hapo ndipo Arkoff akauliza. Hii hadithi haina zimwi. Zimwi liko wapi?

Corman mwenyewe alisimulia mara nyingi alivyojibu: zimwi ni nyumba.

Jibu lile lilikuwa la kuombea pesa, tusidanganyane. Alitaka Arkoff atikise kichwa. Lakini Arkoff hakusahau. Wakati wa kupiga, mwigizaji mkuu, Vincent Price, alikutana na maneno kwenye skripti yanayosema nyumba iko hai, nyumba inapumua. Akamfuata Corman, akamuuliza maana yake nini. Corman akamweleza kwamba maneno hayo ndiyo yaliyotupatia ruhusa ya kuitengeneza filamu. Price akasema basi sawa, anaweza kuyasema. Akayasema, na ukimsikia unaamini kweli ile nyumba inakusikiliza.

Nirudi nyuma kwa Poe, kwa sababu bila yeye hatuelewi kwa nini pesa kidogo zilitosha.

Poe alizaliwa Boston mwaka 1809, akafa Baltimore mwaka 1849, miaka arobaini tu. Mama yake alikufa yeye akiwa hajafikisha miaka mitatu. Hadithi ya Usher aliichapisha Septemba 1839 kwenye jarida moja la Philadelphia, Burton's Gentleman's Magazine, ambako alikuwa mhariri msaidizi kwa mshahara wa dola kumi kwa wiki. Maisha yake yote aliishi kwa madeni. Mke wake, Virginia, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1847, ana miaka ishirini na minne.

Hadithi ni fupi, na watu ni wachache. Mtu ambaye hatuambiwi jina anaitwa na rafiki yake wa utotoni, Roderick Usher, aje amtembelee kwa sababu anaumwa. Roderick anaishi na dada yake pacha, Madeline, kwenye jumba kuukuu lililo kando ya bwawa lenye maji meusi. Ukutani kuna ufa, mwembamba, unaoanza kwenye paa na kushuka kwa kupindapinda hadi unapotelea majini. Madeline ana ugonjwa unaomkakamaza mwili hadi anaonekana kama maiti. Siku moja Roderick anasema amekufa. Wanamweka ndani ya jeneza, wanalipeleka kwenye chumba cha chini ya nyumba, wanafunga mlango wa chuma. Siku zinapita. Usiku wa dhoruba Roderick anakiri kwamba siku nyingi alikuwa anamsikia dada yake akijigeuza ndani ya jeneza, na hakuthubutu kusema. Madeline anatokea mlangoni na damu kwenye nguo, anamwangukia kaka yake, wanakufa wote. Mgeni anakimbia. Anapogeuka, ule ufa unapanuka na jumba zima linazama kwenye bwawa.

Sisi tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Roderick hakuziba, na hata ukuta hakupata wa kujenga.

Msomaji wa leo anaweza kudhani kuzikwa mzima ni ndoto ya mwandishi tu. Hapana. Wakati wa Poe watu waliogopa jambo hilo kikwelikweli. Daktari hakuwa na kipimo cha uhakika, kipindupindu kinapopita maiti huzikwa haraka, na wapo waliobuni majeneza yenye kamba iliyofungwa kwenye kengele juu ya kaburi, ili ukizinduka uvute. Poe aliijua hofu hiyo na mwaka 1844 akaiandikia hadithi nyingine nzima.

Kitu kimoja ambacho Kiswahili kinakipokea vizuri sana ni hili neno nyumba. Poe anaeleza kwamba wanakijiji walitumia jina moja kwa vitu viwili: jumba lile, na ukoo unaoishi ndani yake. Ukoo wa Usher haukuwa na matawi. Ni baba kwa mtoto, baba kwa mtoto, mpaka hawa wawili. Sisi nasi tunasema nyumba ya fulani, hatumaanishi matofali. Kwa hiyo nilipokuwa natafsiri, mahali ambapo nilidhani nitashindwa, hapakuwa na kazi. Nilisema nyumba inaanguka, na kina mama waliokaa nyuma wakaelewa yote mawili.

Turudi kwenye pesa. Bajeti ilikuwa karibu dola 300,000. Kwa Corman ilikuwa nyingi, kwa Hollywood ilikuwa kidogo sana. Mwaka huohuo Alfred Hitchcock alitoa Psycho, ambayo nayo ilihesabiwa kuwa ya bei nafuu, na ilimgharimu kiasi cha dola 800,000. Corman alipangaje zake? Poe alikuwa amekufa zamani, hadithi yake haina haki ya kulipia. Waigizaji ni wanne wa maana: Price kama Roderick, Myrna Fahey kama Madeline, Mark Damon kama mgeni, ambaye kwenye filamu anaitwa Philip na ni mchumba wa Madeline, na Harry Ellerbe kama mtumishi. Ukiondoa mizimu ya kwenye ndoto, ndiyo hao. Hakuna kijiji, hakuna soko, hakuna umati wa watu wenye mienge.

Ndani ya jumba ilikuwa kazi ya Daniel Haller. Alipata vipande vya seti za zamani vya studio kubwa, ngazi hapa, nguzo pale, akavipanga upya na kuvipaka rangi mpaka vikawa jumba moja. Ukitazama kwa makini, jumba halina vyumba vingi, ni kamera inayozunguka. Mwenye kamera alikuwa Floyd Crosby, mzee aliyewahi kushinda Oscar kwa filamu ya Tabu ya mwaka 1931. Kuna watu wanadhani kitu cha bei ya chini hufanywa na wasiojua kazi. Crosby alijua kazi.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni la mwanzo wa filamu. Philip anapita na farasi kwenye msitu uliokufa, miti myeusi, ardhi ya majivu, ukungu. Unajiuliza walitumia shilingi ngapi kutengeneza msitu kama ule. Hawakutumia. Corman alisikia kwamba moto umeunguza vilima vya Hollywood, akachukua kamera na Mark Damon na farasi, wakaenda kupiga palepale majivu yakiwa bado mapya. Vilevile mwisho, jumba linapoungua. Huko Orange County kulikuwa na ghala kuukuu la shamba ambalo lilikuwa libomolewe. Wakalichoma usiku, kamera zinazunguka. Picha zile za mbao zinazoanguka zilitoka nzuri, Corman akaziweka, akazirudia kwenye filamu nyingine zilizofuata. Ukiangalia filamu zake za Poe mfululizo utaliona ghala lilelile linaungua mara ya pili, mara ya tatu. Vijana wetu walipojua hilo walicheka mpaka basi.

Filamu ilitoka 1960 na ikarudisha zaidi ya dola milioni moja. Kampuni ikataka nyingine, na nyingine. Hadi 1964 Corman alikuwa amemaliza mfululizo mzima, nyingi akiwa na Price. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza House of Usher kwenye orodha ya filamu za taifa zinazohifadhiwa. Corman alipewa Oscar ya heshima mwaka 2009, na amefariki Mei 2024 akiwa na miaka tisini na minane. Waliopitia mikononi mwake wakiwa wachanga ni pamoja na Francis Ford Coppola, Martin Scorsese na James Cameron. Hayo nayapitia haraka kwa sababu yanapatikana kila mahali.

Ambalo sikulikuta limesemwa sana ni kuhusu ukuta wa picha.

Aliyeandika skripti ni Richard Matheson, mwandishi wa I Am Legend. Hadithi ya Poe ni fupi mno kwa filamu ya saa moja na dakika karibu ishirini, ilibidi aongeze. Na alichoongeza ni hiki. Roderick anampeleka Philip mbele ya picha za mababu zake, zilizochorwa na msanii Burt Shonberg, picha za ajabu, macho kama makaa. Anamtajia mmoja mmoja. Huyu mwizi, huyu tapeli, huyu muuaji wa kukodiwa, huyu nahodha wa magendo aliyeuza watumwa na kuua halaiki ya watu. Anasema ubaya huo umeingia kwenye damu yao, umeingia hata kwenye mawe ya jumba. Ndiyo maana Madeline haruhusiwi kuolewa. Akizaa, uchafu unaendelea. Philip anamjibu kwamba yeye haamini dhambi za baba hushuka kwa mtoto. Basi. Ugomvi wa filamu nzima ni huo.

Kwa Poe hakuna orodha ile. Roderick wa Poe ni mgonjwa wa woga. Roderick wa Matheson ni mtu mwenye hoja, na hoja yake ndiyo inayoua. Kwa Poe unaweza kusema alikosea, alidhani dada amekufa. Kwenye filamu anaona kidole cha Madeline kinajigeuza, na anafunga jeneza haraka kabla Philip hajaona. Halafu anasali.

Nilipofika hapo niliacha kutafsiri. Nasema kweli, maneno hayakutoka. Sisi tuliovuka ziwa tunajua watu wanaotaja mababu wa wenzao namna ile, huyu babu yake alifanya hivi, wale damu yao iko hivi, tangu zamani. Mkekani pale walikuwa wamekaa watoto wa nyumba ambazo kule nyumbani haziamkiani. Ilikuwa kimya. Taa ya projekta tu na wadudu.

Yule kijana wa mwanzo hakuuliza tena zimwi liko wapi.

Asubuhi yake mama mmoja ninayemheshimu alinisimamisha njiani kwenye foleni ya maji. Akaniambia, "Mwanangu, hawa watoto wameona za kweli. Hizi za kuigiza unawaonyesha za nini?" Sikubishana naye, kwa sababu ana haki, na kwa sababu mwanawe mmoja hakulala vizuri usiku ule. Ndugu zetu wa mashirika nao waliuliza kwenye fomu niandike shughuli ile chini ya burudani au chini ya msaada wa kisaikolojia. Niliandika burudani. Sina uhakika kama nilikosea. Najua tu kwamba tunapoitisha mjadala wa amani, na soda, vijana hukaa kimya au husema yale wanayojua tunataka kuyasikia. Baada ya Usher walibishana mpaka walinzi wakaja kutuambia ni saa nne, zimeni.

Na hawakubishana kuhusu kabila la mtu. Walibishana kuhusu Madeline. Binti mmoja wa kidato cha tatu alisema, jamani, mnamtetea Philip, mnamtetea Roderick, yule dada mwenyewe kuna aliyemuuliza? Mmoja anataka kumpeleka Boston, mwingine anataka kumweka kaburini, yeye anazungumza mara ngapi? Tukahesabu. Anazungumza kidogo sana, na akitoka kwenye jeneza hazungumzi kabisa, anakaba shingo tu. Binti akasema kama angekuwa yeye ameandika, Madeline angetoka na maneno. Wavulana wakamwambia maiti akizungumza haitishi. Akawaambia, "Nyinyi ndo mtatishika zaidi."

Nimeandika haya yote kwa sababu sasa wanataka kupiga yao. Kwa miaka miwili kila nikisema tutengeneze filamu nilijibiwa hatuna kamera, hatuna taa, hatuna mahali, subirini ufadhili. Sitaki mtu wa shirika asome hapa akadhani ufadhili hauhitajiki. Corman alikuwa na dola 300,000 na mzee wa Oscar kwenye kamera, sisi tuna simu mbili na moja kioo kimepasuka. Kunyimwa si kipaji. Ila hesabu yake tunaweza kuifanya: watu wanne, nyumba moja, na kitu kilichoungua ambacho hatukukiunguza sisi.

Nyumba tumepata. Kuna familia iliyohamishwa kwenda nchi ya tatu mwezi uliopita, wameacha kuta za tofali mbichi, turubai limeshachukuliwa, na upande wa jikoni kuna ufa unaopitisha mkono. Binti wa kidato cha tatu ndiye anaandika. Mpaka jana Madeline alikuwa na kurasa mbili za maneno baada ya kufufuka, na yule kijana wa miaka kumi na tano, ambaye ndiye Roderick, analalamika kwamba yeye amebakiwa na mistari mitano. Jirani ametuomba tumalize kabla ya mvua, maana matofali yale ameshaahidiwa.